Kivinjari cha Ghala la Asali

Kompyuta mpya ilifika Tabora kwa treni,
imefungwa kwa sponji kama mayai ya kanga.
Lusekelo, kijana wa makao makuu, akaiweka mezani,
akasema: Mama Nyamizi, sasa utaruka.

Sikuruka. Nilipoandika anwani ya daftari letu,
ile ninayoijua kama njia ya kwenda Kiloleni,
skrini yote ikawa nyekundu:
cheti cha tovuti hii kimekwisha muda,
huenda wezi wanakungoja njiani,
rudi.
Kitufe cha kurudi kikubwa, cha buluu, kama mlango wa benki.
Cha kuendelea sikukiona.

Nikavuta kitenge kilichofunika ile ya zamani
pale pembeni, kati ya mizani na mabonge ya nta.
Huwaka kwa kukohoa.
Feni yake imejaa vumbi la Isevya na mabawa ya nyuki,
na kivinjari chake hakijaguswa tangu mwanangu ananyonya;
mwanangu sasa ananyoa ndevu.
Hakiulizi cheti. Hakijui kwamba waliojenga tovuti ile
waliondoka na mradi wao, na gari lao jeupe,
wakatuachia kalenda na kofia.
Kikabisha hodi, kikafunguliwa.

Nyuki yule yule wa kuchorwa, anarukaruka.
Nenosiri limejijaza lenyewe, nukta nane
ambazo kila karani aliyepita hapa anazijua,
na mke wa mlinzi pia.

Lusekelo akashika kichwa.
Mama, kila unachotuma humo kinapita uchi barabarani.
Aliye katikati anasoma. Akitaka, anabadili.
Nikamwuliza: katikati ya wapi?
Kati yetu na huko kuna Nzega, Igunga, Singida;
nani huko ana haja na madebe ya marehemu Kapela?

Maana mjane wake alikuwa amekaa kwenye benchi,
Kalekwa, aliyetoka Sikonge alfajiri,
miguu imejaa, anadai hisa ya mumewe.
Nikamtafuta Kapela. Nikampata.
Hali: hai.
Mizinga: arobaini na miwili.
Msimu wa 2009: madebe manne.

Manne?
Kalekwa hakubishana. Alifungua fundo la khanga,
ndani ya fundo nailoni,
ndani ya nailoni stakabadhi inayonuka moshi.
Kumi na manne. Mwandiko wangu,
ule wa kabla ya miwani.

Nikatazama skrini. Nikatazama vidole vyangu.
Ni mwizi wa katikati, au ni mimi,
mchana wa joto, treni inapiga honi,
na ile kumi ikaniponyoka?
Tovuti haikusema. Mlango uliolala wazi miaka kumi na tano
hausimulii nani aliingia, nani alipita tu.
Nami siku zote nilikisifu kivinjari kile:
hakina woga wa mjini, nilisema, kinaingia popote.
Kumbe kilikuwa kiziwi.

Sikulala njaa kwa kosa lile. Kalekwa, labda, alilala.

Jioni tukaanza kuhamisha. Mimi nasoma,
Lusekelo anaandika kwenye daftari la karatasi kwanza,
kwa kalamu, kama mtoto aliyeadhibiwa,
na Kalekwa, ambaye hatukumwomba, anasahihisha:
huyo amekufa. Huyo alihamia Inyonga.
Huyo hakuwahi kuwa na mizinga sitini,
alikuwa mwongo tangu jando.

Tulipofika kwa akina Maganga umeme ukakatika.
Mashine zote mbili zikazima, ile mwoga na ile kiziwi.
Kalekwa hakunyamaza.
Aliendelea kutaja majina gizani, mmoja mmoja, na madebe yake,
nasi tukamfuata kwa tochi ya simu.